Nyekundu Ilipoishia

9 Februari

Mwanangu Miwani,

Marahaba, maana najua ukifungua tu karatasi hii utasema shikamoo peke yako kama mwendawazimu. Huku sote wazima, ukiniondoa mimi. Mdogo wako ameng'oka jino la tatu la mbele na darasa zima linamwita Mapengo. Nilitaka niende shule nikagombe, nikakuta mwenyewe anaitika kwa furaha, nikarudi zangu. Bati la jikoni bado linavuja palepale. Chumba chako kiko kama ulivyokiacha, na mlango ni huuhuu ambao hujawahi kuupigia hodi tangu siku dada yangu alipozikwa nikakuleta hapa umekumbatia mto wako wa kulalia.

Safari ya kurudi kutoka huko kwako ilikuwa nzuri. Nilikaa dirishani nikawa nasoma mabango ya njiani na kuyatukana moja moja. Watu wanalipwa kwa kazi mbovu sana.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu unanidanganya vizuri mno. Tangu ulipokuwa bwenini, ukweli wako nimeupatia kwenye barua. Basi nalirudia hapa lile nililomwambia daktari mpasuaji mbele yako, usije ukasema hukusikia. Uvimbe huu wa kichwani utoke wote. Alisema kuna pembe moja imeingia kwenye nyuzi zinazoendesha mkono wa kulia, akiifuata hiyo pembe mkono unaweza usirudi. Nikamwambia aifuate. Mapengo ana miaka saba, nami sina mtu wa kumwachia. Mimi nataka miaka. Mkono ninao wa pili, kichwa sina cha pili. Daktari alicheka. Wewe ulikuwa unatazama viatu vyako.

Sasa niambie, hiyo mashine unayokaa nayo inafanya kazi gani hasa? Watu hapa wakiniuliza nasema mwanangu anaendesha ubongo, nao wanaogopa kuendelea kuuliza.

Mama yako Mdogo


20 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akachungulia. Mimi sijambo. Nimehamia chumba chenye maji ndani, na mwenye nyumba ana jogoo asiyejua saa. Mwambie Mapengo meno yakitoka mapya nitamletea kitu, yasipotoka pia nitamletea.

Mashine hapa wanaiita Ramani. Siku chache kabla ya upasuaji utapigwa picha za MRI, kichwa chote, kama mkate uliokatwa vipande vyembamba. Picha zinaletwa kwangu. Chumba changu kiko chini kabisa, hakina dirisha, na kiti chake kimechanika mahali pa kukalia. Kazi yangu ni kupaka rangi. Uvimbe naupaka nyekundu. Nyuzi zinazoendesha mkono nazipaka njano. Siku ya upasuaji kichwa kinabanwa kisitikisike, juu kuna kamera yenye macho mawili, na daktari anashika kijiti chenye vidude vinavyong'aa. Akigusa popote kwa ncha, skrini inamwonyesha yuko wapi ndani ya picha, nyekundu iko wapi, njano inaanzia wapi. Kwa macho tu, ubongo wenye afya na uvimbe wako vinafanana sana. Ndiyo maana anafuata rangi.

Daktari hukaa nami kuchora, kisha asubuhi ya kazi huipitia tena haraka huku anakunywa chai. Ananiamini. Wanasema hajawahi kumwamini mtu.

Mama, nina jambo moja. Mwandiko wako umenitisha. Herufi zimelala kama zimechoka, na nyingine zinatetemeka. Mkono umeanza? Tafadhali niambie kweli.

Mwanao, Miwani


1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Jogoo asiyejua saa dawa yake ni sufuria, mwambie mwenye nyumba hivyo. Huku duka la dawa la kona wamenipa ukuta wote wa mbele, nimeumaliza juzi. Mapengo alinishikia kopo la rangi akamwaga nusu kwenye sketi ya shule.

Kumbe unafanya kazi yangu na kwenye simu unajidai daktari. Mchoro mdogo naupiga miraba, na ukuta naupiga miraba, halafu mraba kwa mraba nahamisha. Mraba wa kwanza ukikaa vibaya, pua ya mteja inaangukia shavuni. Hiyo Ramani yako ni miraba tu. Nimeielewa kuliko ulivyotegemea.

Unakumbuka bango la mwenye bucha? Alitaka ng'ombe mwenye sura ya hasira, sijui kwa nini. Ukiwa na miaka kumi ulipanda ngazi nilipokwenda kununua tapentaini, ukamchora ng'ombe akitabasamu, kwa sababu ulimwonea huruma. Lilipendeza, sikatai. Nikakupa kitambaa ukafuta, ukalia, nikakuambia bango ni la mteja. Hata kama unajua zaidi yake. Hata kama unampenda. Analipia la kwake, siyo la kwako.

Nakukumbusha hilo kwa sababu nimeona ulivyotazama viatu. Kichwa ni changu. Nyekundu ifike mpaka mwisho wa pembe.

Habari ya mwandiko achana nayo. Utauzoea.

Tutaonana wiki ya pili. Niandalie chai isiyokuwa na sukari ya kihospitali.

Mama yako Mdogo


22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na asante. Ulinilaza kitandani kwako ukalala kwenye mkeka wiki tatu, ukanikosha miguu mbele za watu bila haya. Sitasahau. Nimefika nyumbani jana, jirani walikuwa wamefagia uwanja. Mapengo amezunguka kovu langu mara kadhaa kama fundi anayekagua ukuta, kisha akasema nimenyolewa vibaya. Nywele zinaota upande mmoja tu na nimefunga kitambaa.

Mwili hauna shida kubwa. Nachoka upesi. Kelele ndizo zinaniumiza, kwa hiyo simu nimempa Mapengo achezee.

Ila kuna kitu kinanizunguka. Mkono wa kulia nilikuwa nimeuaga. Asubuhi ya upasuaji niliutazama, nikaushukuru kwa kazi, nikavua pete. Nimeamka, upo. Unashika brashi, unafunga kitufe, unamfinya Mapengo sikio kama kawaida. Wote wananiambia nishukuru, nami nashukuru. Lakini daktari alisema ataifuata pembe. Sasa aliifuataje bila kugusa mkono?

Niambie tu. Umetoka wote?

Mama yako Mdogo


30 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo. Unisamehe kwa kuchelewa. Kazi zilirundikana, halafu nikaumwa mafua, halafu yule jogoo akafa na mwenye nyumba akatushuku sote wapangaji. Nimefurahi kusikia unatembea mpaka dukani. Nguo ya Mapengo nimeipeleka kituoni, dereva wa basi la asubuhi ataileta.

Nimeona na mwandiko wako umenyooka sana. Herufi zimesimama. Hutajua nilivyofurahi, Mama, nilikaa na ile barua mchana mzima. Mkono umepona kabisa.

Kuhusu swali lako, mambo haya yana utaalamu wake. Fuvu likifunguliwa, maji yaliyouzunguka ubongo yanatoka, nao unatulia chini kidogo kama unga ulioguswa. Picha ilipigwa kabla, kwa hiyo Ramani na kichwa vinaanza kuachana polepole. Daktari mzuri anajua kuzingatia hilo. Wetu ni mzuri sana na kazi ilikwenda vizuri mno, kila mtu chumbani alifurahi. Wakati mwingine bahati nayo ipo.

Mwezi wa saba uje upigwe picha nyingine. Ni kawaida, wote wanapigwa.

Mwanao, Miwani


8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nguo imefika, imembana kwapani ila amekataa kuivua.

Sikukuuliza habari za unga wala jogoo. Umetoka wote au haukutoka? Nijibu kwa neno moja.

Mama yako Mdogo


15 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo.

Ndiyo. Wote.

Mwanao, Miwani


3 Septemba

Miwani,

Mapengo hajambo, jino moja jipya limeota limepinda. Bati nimelibadilisha. Habari za nyumbani zimeishia hapo.

Wiki iliyopita nilikuwa juu ya ngazi, naandika jina la kinyozi. Brashi ikaruka. Mkono wa kulia ulianza kucheza wenyewe, vidole, kiwiko, mpaka bega, mimi nautazama kama wa mtu mwingine. Kinyozi ndiye aliyenishusha. Haikuwa mara ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa mwezi wa sita, baada ya barua yako ya neno moja, nami sikukuambia kwa sababu ulishasema umetoka wote, na mtu aliyekuamini hatafuti ugonjwa. Nilijiambia ni uchovu. Nilipokuja mwezi wa saba kwa ile picha ulinipokea mlangoni, ukanipitisha mlango wa nyuma, ukasema daktari yuko likizo na picha ni safi. Ulininunulia na maembe.

Safari hii nikaichukua simu kwa Mapengo nikampigia daktari mwenyewe. Hakuwa likizo mwezi wa saba. Nilimsikia akivuta kiti.

Akaniambia, "Mama, mbona unaongea kama hujui? Siku ya pili tu baada ya upasuaji tulipiga picha, tukaona kipande kimebaki. Nilimwambia kijana wako. Akasema yeye ni mwanao, atakueleza nyumbani taratibu."

Nikamuuliza, "Tulikubaliana uifuate pembe. Kwa nini ulisimama?"

Akajibu, "Nilisimama nyekundu ilipoishia. Na njano ilikuwa nene kuliko nilivyoikumbuka. Nikasema labda mimi ndiye nimesahau."

Nilimshukuru nikakata simu. Sikumwambia kitu, kwa sababu nilitaka kwanza nikuulize wewe. Mimi nimeshika brashi maisha yangu yote. Mtu akiniambia rangi iliishia mahali pasipokuwa pake, siulizi ukuta. Namuuliza mpakaji rangi.

Nani anapaka rangi huko kwenu?

Mama yako Mdogo


19 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana.

Ni mimi.

Daktari na mimi tulikuwa tumeichora nyekundu mpaka mwisho wa pembe, kama ulivyotaka. Kesho yake wenzangu walikwenda kula, nikabaki chumbani peke yangu, na barua yako ya mwezi wa tatu ilikuwa mfukoni. Nikaifungua kwenye meza, karibu na skrini. Ule mwandiko, Mama. Mkono uliochora kila ukuta wa mji ule, ulioushika wangu kunifundisha kuandika, ulikuwa umeshindwa kunyoosha mstari. Nikaona unakufa kabla hata hatujaanza. Nikasema angalau huu nisiuue mimi kwa rangi yangu mwenyewe. Nikairudisha nyekundu nyuma, milimita chache tu. Nikainenepesha njano. Haikuchukua muda zaidi ya kuchonga penseli.

Nilijua uvimbe wa aina ile huenda polepole. Nikasema utakaa miaka mingi na mkono wako, na kipande kikianza kukua kuna mionzi, kuna dawa. Halafu barua yako ya Aprili ikaja imenyooka vile, nikajua nimefanya sawa. Nikashindwa kukuambia, kwa sababu ungeniuliza nani amenituma.

Picha ya mwezi wa saba haikuwa safi. Kipande kilikuwa kimekua kidogo. Nilijipa moyo kwamba ni kidogo.

Nilifanya kwa kukupenda. Najua utanijibu nini juu ya hilo.

Niruhusu nije.

Mwanao


28 Septemba

Miwani,

Hujui nitakujibu nini, kwa hiyo usijibu kwa niaba yangu. Umeshafanya hivyo mara moja.

Siku ile daktari aliponiambia habari za pembe, niliporudi nyumbani nilikaa mezani, nikatoa daftari kuukuu la Mapengo, nikaanza kuandika a, e, i, o, u kwa mkono wa kushoto. Mapengo alinicheka akaniambia nimerudi darasa la kwanza. Nilitaka mkono wa kulia ukiondoka unikute tayari. Barua yangu ya Februari niliiandika kwa kushoto. Ya Machi pia. Ndiyo maana herufi zililala. Za kulia hazikuwa na shida yoyote, kulia nilikuwa napaka ukuta mzima wa duka la dawa, na nilikuandikia habari ya ukuta ule kwenye barua hiyohiyo uliyoiweka mezani ukailia. Ulisoma herufi, hukusoma maneno.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka kukushangaza. Nilipanga nikishaweza, ukija likizo nikuandikie jina lako la kuzaliwa mbele yako kwa kushoto, kubwa, kwa rangi ya bluu, nawe ucheke. Ile ya Aprili iliyokufurahisha mchana mzima nayo ni ya kushoto. Na hii.

Basi umeniokolea mkono niliokwisha kuuaga, na umechukua kile nilichokuomba. Kama ungeuliza mara ya pili ningekuambia. Uliuliza mara moja, nikakukwepa kwa mzaha, ukaona inatosha kuamua maisha yangu. Sehemu yangu ya mzaha naibeba. Hiyo nyingine ni yako.

Mtu mbaya akinifanyia hivi nitamtukana, nitalala, nitaamka nimemsahau. Wewe nimekulea. Nilikuwa nimelala pale nimebanwa kichwa, na mtu niliyempenda kuliko wote chumbani ndiye aliyekuwa amenizunguka. Hata neno la kukuita sina. Nikikutukana nahisi namtukana dada yangu.

Nimemwambia daktari. Sikufanya hivyo kukukomoa. Kuna watu wengine kwenye foleni, na kila mmoja ana pembe yake na ana mtu anayemwonea huruma. Nimemwomba anipasue tena, na yeye amekubali. Rangi atapaka mtu mwingine. Usije siku hiyo. Usisimame hata kwenye ujia.

Mapengo anakuulizia. Nimemwambia una kazi nyingi.

Mama yako Mdogo


14 Desemba

Miwani,

Sijambo. Mapengo hajambo, ameshika nafasi ya nne darasani, na mwenye nafasi ya tatu anasema ameibiwa. Jirani amenipokea ndani kwake wiki mbili, sasa niko nyumbani.

Uvimbe umetoka wote. Sikuishia kuambiwa. Daktari alinikalisha mbele ya skrini akanionyesha picha mpya kipande kwa kipande, na yule binti anayekaa kwenye kiti chako kilichochanika alisimama pembeni akinijibu kila nilichouliza. Anajibu kwa maneno mafupi. Nilimpenda kwa hilo.

Mkono wa kulia hauchezi tena wala haufanyi kazi. Upo pajani kama mgeni. Hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. Sikujiandaa na mguu. Kile kipande hakikukaa kikikungojea, kilipanda juu, na daktari alipokifuata amekuta kimefika kwenye nyuzi za mguu. Nauburuta. Nina fimbo. Kupanda ngazi basi tena, naandika mabango ya chini, ya kuweka mlangoni, na ya juu namwelekeza mtoto wa kinyozi. Ile mara ya kwanza ningepoteza mkono tu. Nakuambia hili kwa sababu ni kweli, na nimeamua humu ndani hakiandikwi tena kitu kisichokuwa kweli, hata cha kufurahisha.

Daktari anasema miaka ninayo. Hakusema mingapi nami sikumbana.

Nimesikia wamekuondoa kwenye Ramani wakakupeleka stoo ya picha za zamani. Nilidhani nitafurahi. Nilikaa nikamkumbuka yule ng'ombe wa bucha anayetabasamu, nikalia, kisha nikakasirika kwamba nimelia.

Barua zako tatu za tangu Oktoba nimezipokea. Umeomba msamaha vizuri, siku zote ulikuwa na insha nzuri. Sijaweza bado. Labda nitaweza, ila usiniulize lini, na usije ukaamua kwa niaba yangu kwamba nimeshaweza.

Unauliza kama bado hapa ni kwenu. Chumba kipo, mto wako upo, Mapengo ameuhamishia kitandani kwake na hataki kuurudisha. Njoo siku utakayotaka. Lakini ukifika usisukume mlango kama ulivyozoea. Simama nje, piga hodi, ungoje. Mguu wangu ni mzito siku hizi, kwa hiyo utangoja kidogo, na hutajua kama nachelewa kwa sababu ya mguu au kwa sababu nyingine.

Mama yako Mdogo